Neno Nililolimeza Hospitalini

Wakesho wangu,

Babako amekuchukua mwende mkabadilishe tairi kabla ya safari ya kesho, na mimi nimebaki hapa mezani jikoni na maboksi yako sita. Nilianza kukuandikia yale ambayo mama yeyote huandika, habari za kula na kulala na kutafuta kanisa, nikayakata. Koti unalo, na baridi ya huko chuoni Iowa haiwezi kuishinda hii ya mji wetu wa Blaine. Mambo ya kila siku utayajua mwenyewe, na usipoyajua utanipigia simu, nikuulize kwa Kiswahili unijibu kwa Kiingereza kama tulivyozoea.

Nataka kukueleza jambo moja tu. Unalijua nusu. Ni habari ya Mama Furaha na zile pipi.

Unakumbuka mwaka ule nilipoacha kazi ya ukalimani kwa miezi kadhaa, nikawaambia wewe na babako kwamba nimechoka kuzunguka kliniki na hospitali za mji huu. Sikuwa nimechoka. Niliacha kwa sababu nilikuwa nimefanya kitu ambacho mkalimani hafanyi, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mtu. Sasa unakwenda kusomea famasia. Utakaa nyuma ya kaunta na watu watakuletea maswali yao nusunusu, kwa aibu, kwa lugha mbili. Afadhali ujue mamako alifanya nini alipokuwa mahali kama hapo.

Nianzie mbali kidogo. Nimekwambia mara nyingi kwamba babu yako alikata mkonge katika shamba la Mwatate. Sijakwambia kwamba nilijifunzia Kiingereza palepale, kwa kamusi moja iliyokuwa imeng'oka jalada, ambayo mwalimu wetu wa darasa la sita aliniazima na hakuidai tena. Nilikuwa nakaa karibu na nyaya walikoanika katani, nyuzi nyeupe zinapepea kama nywele za mzungu mzee, nakariri. Siku moja nikakuta neno hemp, na mbele yake imeandikwa katani. Nikafurahi, kwa sababu katani ilikuwa imenizunguka pande zote. Nikalitia kichwani neno hilo na halikutoka. Kumbe lilikuwa limeingia vibaya, au tuseme liliingia robo tu, lakini mtoto anayejifunza peke yake atajuaje?

Bangi nayo niliijua kivyake. Niliijua kwa sababu ya jirani yetu, mzee mmoja aliyepanda mashina manne nyuma ya jiko lake. Polisi walikuja wakayang'oa, wakambebesha mwenyewe mpaka barabarani. Kwangu mimi bangi ilikuwa ni yale majani begani mwa mzee wa watu, na hemp ilikuwa ni kamba. Kwamba huo ni mmea mmoja, hakuna aliyenieleza, wala sikuuliza.

Sasa twende kwa Mama Furaha. Unamjua kama mama wa kanisani, yule mjane kutoka Bukavu anayekaa kwenye zile fleti za Columbia Heights na binti yake Furaha. Ijumaa ile nilikuwa mkalimani wake kliniki. Alikuwa halali. Daktari alimshauri apunguze chai ya jioni, akampa karatasi ya mazoezi ya kupumua, na tulipotoka nikamwona hakuridhika. Nikamwambia nitampeleka nyumbani kwa gari, ingawa kazi yangu ilikuwa imekwisha. Njiani akataka kununua chumvi, tukaingia katika duka dogo pale barabara ya Central.

Pale kaunta palikuwa na viboksi vya rangi, nyuma ya kioo. Kimoja kilikuwa na picha ya mwezi na mawingu. Mama Furaha akakinyooshea kidole, akataka kujua ni nini. Mwanamke muuzaji akanieleza kwamba ni pipi za hemp, zinaruhusiwa na jimbo, wengi wanazinunua zikawasaidie kulala. Mimi nikamgeukia Mama Furaha, kadi yangu ya ukalimani bado inaning'inia shingoni, nikamwambia ni pipi za katani.

Akacheka. "Banatengeneza bonbon na kamba?"

Nikamwambia Wamarekani hawashindwi na kitu.

Nilikuwa na nafasi tatu za kuuliza pale, mwanangu, na nimezihesabu mara nyingi. Ya kwanza, kwenye kiboksi kulikuwa na herufi tatu, THC, na miligramu tano kwa kila kipande. Niliziona. Sikujua maana yake hasa, nikahisi kitu kikinigusa, nikakipita. Ya pili, muuzaji aliomba kitambulisho. Bibi wa miaka sabini, ana fimbo, anaombwa kitambulisho ili anunue pipi. Nilifanya mzaha juu ya jambo hilo badala ya kujiuliza ni pipi gani hiyo. Ya tatu, muuzaji alianza kusema, "Mwambie aanze na nusu," simu yangu ikalia, nami nilipomaliza kuongea sikumrudia. Kwa nini sikuuliza? Nimelifikiria sana swali hili. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshajibu. Ningeuliza, Mama Furaha angejua kwamba nilimjibu kitu nisichokijua.

Kesho yake mchana alikula kipande kimoja. Baada ya nusu saa hakuona lolote, akala cha pili. Zilikuwa tamu, akala na cha tatu. Furaha alikuwa kazini, kwenye ghala moja mji wa Savage, kusini kabisa. Mama akiwa peke yake akaanza kusikia moyo unakimbia na ukuta unasogea. Akasikia buti za askari kwenye korido, za kule walikokimbia. Akatoka amtafute jirani, akaanguka mlangoni, akavunjika mkono wa kushoto na kuumia juu ya jicho. Majirani wakaita ambulansi. Furaha akanipigia mimi, maana kutoka Savage hadi hospitali ingemchukua muda, nami nikatoka mbio.

Hapo ndipo ulipoingia wewe, lakini nisubiri kidogo.

Nilimkuta amelazwa, anatetemeka, anaongea upesiupesi, macho mekundu. Mkalimani wa kwenye skrini alikuwa hajapatikana. Nikaonyesha kadi yangu, nikasema mimi hapa. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, akauliza kama mgonjwa amekula au amekunywa kitu chochote kipya. Nikamtafsiria. Mama Furaha akanitazama, akajibu kwa shida, "Nilikula ile bonbon ya katani. Tatu."

Wakati ule nilishajua. Sikujua kwa maneno, lakini nilipomwona yale macho, nilimwona yule mzee jirani yetu wa Mwatate akitoka nyuma ya jiko. Kila kitu kilikaa mahali pake kwa mara moja: zile herufi, kitambulisho, nusu kipande. Nikaona pia kadi yangu ikichukuliwa. Nikaona kanisa zima likijua kwamba Mama Wakesho alimlisha mjane bangi.

Nikamwambia daktari, "Anasema alikula pipi."

Basi. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli, na neno moja lilibaki tumboni mwangu. Daktari akaandika, akaendelea na dalili alizoziona. Mzee amechanganyikiwa, moyo unakwenda mbio, ameanguka. Wakahofia kiharusi. Wakamwingiza kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, naye akaogopa lile shimo la mashine, akadhani anazikwa. Wakamtoboa mishipa mara mbili, tatu. Mimi nilisimama pembeni nikimwambia atulie, kwa Kiswahili kizuri.

Daktari alikuwa ametaka kuona dawa zote anazotumia Mama Furaha nyumbani, ndiyo maana nilikupigia upite kwake, uchukue ufunguo kwa jirani. Ulifika karibu saa tatu baada ya yeye kulazwa. Ulikuwa na leseni ya gari ya miezi miwili tu. Ukamwaga mfuko juu ya meza ndogo, chupa za presha na za sukari, na kile kiboksi chenye mwezi juu yake. Ukakigeuza, ukasoma nyuma, ukasema mbele ya daktari, "Mum, hii ni weed."

Nikashika mdomo kama mtu aliyeshtuka kusikia ni bangi.

Hiyo ndiyo nusu usiyoijua, Wakesho. Ule mshtuko niliuigiza. Nilikuwa nimekijua kiboksi kile kwa saa tatu. Ulinishika mkono, ukaniambia si kosa langu, ni kosa la hao wanaouza vitu hivi kama peremende. Nami nikaacha unifariji.

Daktari wala hakukasirika. Alisema hakuna aliye matatani, alihitaji kujua tu, kwamba itapita yenyewe usiku huohuo, sasa washughulikie mkono. Ikapita. Nilikaa na sentensi ile miezi mizima, kwamba alihitaji kujua tu.

Jambo baya zaidi lilifuata. Kanisani akina mama walianza kusema kwamba Furaha ndiye aliyeleta vitu hivyo nyumbani, msichana asiyeolewa, anafanya kazi na watu wa kila namna. Furaha hakujua kiboksi kimetoka wapi. Mama yake alipoulizwa alisema hakumbuki. Nami niliyasikia maneno hayo jikoni mwa kanisa, nikiwa nakata maandazi, nikaendelea kukata. Furaha akaacha kuja ibadani.

Nilipoacha kazi nilikuwa na muda mwingi, na hasira nisiyojua niielekeze wapi, nikaipeleka dukani. Nilitaka kumgombeza yule muuzaji. Anaitwa Renee, mwanamke wa makamo, ana miwani yenye kamba. Alinikumbuka. Nilipomwambia bibi alianguka, akakaa juu ya kreti, akauliza kwanza hali ya mkono. Hasira ikakosa pa kukaa. Nikajikuta ninauliza maswali ambayo ningeuliza siku ile.

Na hapo, mwanangu, nikaonja kitu ambacho nilikuwa nimekisahau tangu enzi za ile kamusi. Nilitaka kujua. Renee alinieleza kwamba mmea ni mmoja, ila sheria imeukata vipande viwili kwa kipimo: ukiwa na kile kilevi chake, THC, kidogo sana unaitwa hemp, kikizidi unaitwa bangi. Nikamuuliza, kama ni kidogo sana, bibi alileweshwa na nini? Hakujua. Nilirudi nyumbani nikasoma, na nilipoelewa nilicheka peke yangu. Kipimo kile kilihesabiwa kwa uzito. Katika jani kavu, jepesi, sehemu ndogo ya uzito ni kidogo kweli. Lakini itie kwenye pipi, au kwenye kopo zima la soda, ambalo ni zito, na sehemu ileile ndogo inatosha kumlaza mtu mzima. Waliotunga walikuwa wanafikiria wakulima na mashamba. Hawakufikiria pipi. Nilichukua mzani wa unga, nikapima jani kavu la kiungo, bay leaf, na kopo la soda, nikakaa nikivitazama. Babako aliponikuta akadhani naanza biashara ya keki.

Nikaendelea. Nilijua kwamba jimbo letu liliruhusu pipi na vinywaji hivi kabla halijaruhusu bangi yenyewe kwa watu wazima, kwamba mwanzoni viliuzwa karibu popote, na kanuni zikaja zikivifuata nyuma: umri, miligramu kwa kipande, vifungashio ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, leseni, vipimo vya maabara. Nilirudi kwa Renee na simu yangu tukaielekeza kwenye ile alama ya miraba iliyo chini ya kiboksi. Ikafunguka karatasi ya maabara, safu za namba. Amekiuza kiboksi kile muda wote huo na hajawahi kuifungua. Tukasoma pamoja mteja akisubiri. Nikaona jinsi mtu fulani, katika chumba fulani, alivyochukua kipande cha pipi akakisaga ili ajue kina nini ndani. Nilimwonea wivu mtu huyo. Alikuwa ameuliza.

Naona unacheka ukisoma hapa, kwa sababu ndiyo miezi ile ulipolalamika kwamba mama yako hawezi kupita rafu yoyote bila kusoma maandishi ya nyuma.

Ndipo nikaona tangazo. Ofisi ya jimbo inayosimamia mambo haya ilikuwa inakaribisha wananchi St. Paul, makao makuu ya jimbo, waseme maoni yao juu ya kanuni. Nilitaka kwenda. Niliandika nitakachosema, kuhusu neno moja na lugha yetu, na jinsi onyo lililoandikwa kwa Kiingereza lilivyopita mdomoni mwangu likatoka kamba. Niliandika vizuri sana. Halafu nikaona siwezi kuwaambia watu nisiowajua jambo ambalo sijamwambia mwenyewe aliyevunjika mkono.

Nilimkuta Mama Furaha anachambua sombe, kisamvu cha kwao, mkono umeshapona ila umepinda kidogo. Furaha alikuwepo, anapiga pasi. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, ya dukani na ya hospitali, nikasema kwamba nililificha neno lake kwa daktari, na kwamba kanisani niliacha Furaha asemwe.

Mama Furaha hakuinua macho kutoka kwenye majani. "Nilijua," akasema. "Kwa duka ile mama ya kuuzisha alisema hemp. Kwa hôpital nikangoja ile neno itoke kwa kinywa yako. Haikukuya."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu, hata baadaye.

"Ningesema nini? Na kinywa ya nani?" Akatupa mashina kwenye bakuli. "Wewe ndiwe ulikuwa kinywa yangu. Na tena nikaogopa batakunyanganya ile kadi."

Nilikaa chini. Kwa saa tatu mwanamke yule, akiwa amelewa, amevunjika, anasikia askari kwenye korido, alikuwa na akili ya kusikiliza neno moja tu la kigeni alilolishika dukani jana yake, na alipoona halitoki, akanilinda. Mimi nilidhani hajui Kiingereza.

Furaha hakunisamehe siku ile. Alizima pasi, akaingia chumbani. Nilisimama kanisani Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nikasema kiboksi kile kilitoka dukani kwa tafsiri yangu mimi. Wewe ulikuwa umekwenda kambi ya vijana, na babako alikuwa shifti. Niliwaomba akina mama wasiwabebeshe ninyi habari hiyo, nitaisema mwenyewe. Wameniheshimu kuliko nilivyostahili, maana ni miaka karibu miwili. Furaha amerudi kanisani. Ananisalimu. Chakula changu hali bado. Ninalieleza hili ili usidhani kwamba mtu akisema kweli basi kila mlango unafunguka papo hapo. Mingine inafunguka polepole, na mwenye mlango ndiye anayejua.

Mama Furaha naye alitaka kwenda St. Paul. Alivaa kitenge chake cha bluu, akaketi mstari wa mbele. Waliongea watu wengi kabla yetu: mwenye duka aliyelalamika kwamba kanuni zinabadilika kila anapozizoea, mkulima, baba ambaye mtoto wake mdogo alizikuta zile pipi kwenye begi la mgeni. Niliwasikiliza wote kwa hamu. Nilikwenda nikidhani kuna upande mmoja mbaya, nikakuta watu wanajaribu kukubaliana kitu hiki kiitweje, kiuzwe wapi, nani akipime. Kila mmoja alipewa dakika chache. Ilipofika zamu yetu niliikunja karatasi yangu niliyoiandika vizuri. Nikamwachia yeye aongee, nikasimama karibu naye nitafsiri.

Alisema, "Nyie munaandika haya makaratasi, mulifikiria nani ataisoma?"

Nikatafsiri. Halafu akaeleza yote: duka, kamba, pipi tatu, askari, mashine. Alipofika kwenye hospitali akasema, "Mkalimani hakusema neno yangu." Chumba kizima kilikuwa kinanitazama mimi, na kadi yangu shingoni, ambayo sikuwa nimeirudisha. Nikafungua mdomo nikasema kwa Kiingereza, "The interpreter did not say my word." Halafu nikaongeza, kwa niaba yangu sasa, kwamba mkalimani huyo ni mimi.

Yule afisa aliyekaa katikati, mwanamume mnene mwenye kalamu nyingi mfukoni, alimwuliza Mama Furaha lingeandikwa neno gani ili yeye aelewe. Mama Furaha akafikiri, akasema kwao wangesema bangi, basi, kila mtu angeshika adabu. Mimi nikasema lakini kwa sheria yenu si bangi, ni hemp, na kwa Kiswahili hakuna neno la kitu ambacho ni bangi ila sheria inasema siyo. Afisa akaacha kuandika. Akasema, "Sijui tufanye nini juu ya hilo. Nipe namba yako, nitauliza."

Huwezi kuamini furaha niliyoipata kusikia mtu wa serikali, mbele ya watu wote, kwenye maikrofoni, akisema hajui. Alilisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. Mimi neno hilo lilikuwa limenigharimu mkono wa mwanamke mwingine.

Alipiga simu kweli, baada ya wiki chache, na tulizungumza muda mrefu. Hawakuwa na jibu kamili. Lakini kliniki moja ya jamii ilisikia habari hiyo, ikaniomba nisaidie kuandika kikaratasi cha Kiswahili. Tulikaa watu watatu, mimi, Mama Furaha na Mtanzania mmoja mwalimu, tukabishana siku nzima. Mtanzania hakutaka bangi, akasema ni kumharibia mwenye duka anayefuata sheria. Mama Furaha hakutaka kingine. Mwisho tukaandika hivi: "Pipi na soda hizi zinalevya. Zimetoka kwenye mmea mmoja na bangi. Usile cha pili kwa sababu cha kwanza kimechelewa." Sentensi ya mwisho ni ya Mama Furaha mwenyewe. Renee amekibandika kaunta, japo hakisomi.

Nilirudi kazini, lakini kwanza nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamweleza. Aliniandikia onyo, akanirudisha darasani kwa wiki mbili na vijana wanaoanza. Nilikaa mstari wa nyuma na daftari. Nilipenda kila dakika.

Sasa nasikia Washington nako wamepitisha sheria ya kuvibana vitu hivi nchi nzima, na watu wa hapa wanahangaika wajue jimbo litafanya nini, kina Renee watauza nini. Kule Iowa unakokwenda wana kipimo chao tofauti na chetu. Kopo lilelile linavuka mpaka linakuwa kitu kingine, na halijafunguliwa hata. Hilo linanishangaza kila nikilifikiria. Ukijifunza zaidi nieleze. Sisemi hivyo kukupa moyo wa kusoma. Nataka kujua kweli.

Ninalokuomba ni dogo. Siku utakapokuwa umevaa lile koti jeupe na mtu akakuuliza kitu mbele ya foleni, ukahisi kile kitu kinachokugusa na wewe umeshajibu, mrudie. Mwambie ngoja, nimekosea, nipe dakika nikaangalie. Aibu yake ni ya dakika mbili, niliipima pale St. Paul. Na mgonjwa anayekutazama kimya usidhani hasikii. Huenda anangoja neno lake moja.

Babako hajui haya. Nilimwahidi Mungu kwamba nitamwambia wewe ukishaondoka, na barua hii nilikusudia kuiweka kati ya mashuka yako, kwenye boksi la tatu, uikute huko mbali ambako sitauona uso wako. Lakini nimeandika mpaka hapa, nikaona ninachofanya ni kuficha tena. Nimelitoa boksi mlangoni nikalirudisha sebuleni.

Gari linaingia uani. Nawasikia mnabishana juu ya bei ya tairi. Nitawapa chai, halafu nitakupa karatasi hizi mkononi, umsomee babako kwa sauti, kwa Kiswahili, polepole, hata kama kitakukwama. Mimi nitakaa papa hapa. Mkimaliza, niulizeni.

Mamako